Nauli ya Muyaka

Ukipanda matatu ya Port Reitz kutoka mjini, unavuka Makupa, unapanda Changamwe, na njia nzima makanga anaita jina la marehemu. Reitz alikuwa mtu. John James Reitz, luteni wa jeshi la majini la Uingereza, aliachwa Mombasa na Kapteni Owen mwezi wa Februari 1824 awe msimamizi wa mji, baada ya Wamazrui kutaka bendera ya Waingereza iwakinge na Seyyid Said wa Oman. Hakumaliza miezi minne. Homa ilimkamata safarini upande wa Pangani, akafa mwezi wa Mei. Ghuba ikapewa jina lake, hospitali ikachukua jina la ghuba, na matatu nazo zikafuata.

Mwezi mmoja kabla yake, Aprili 1824, homa ilimuua Mwingereza mmoja huko Missolonghi, Ugiriki. Huyo alikuwa Lord Byron, mshairi. Byron hana stendi ya matatu lakini ana zaidi ya hiyo. Ana vyama vya wapenzi wake, ana jarida la kitaaluma lenye jina lake, na kuna watu wanaolipwa mshahara, mpaka wastaafu, kwa kazi ya kumsoma yeye na wenzake.

Katikati ya maiti hizi mbili kuna mtu wa tatu. Mwaka huo wa 1824 alikuwa hai, umri wake hamsini kasoro kidogo, akitembea katika mji uleule ambao Reitz alikuja kuusimamia. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, mshairi wa Mvita, anayekadiriwa kuzaliwa 1776 na kufariki 1840. Hesabu miaka hiyo polepole. Wordsworth alizaliwa 1770, Coleridge 1772, Byron 1788, Shelley 1792, Keats 1795. Muyaka ni mtu wa rika lao. Alizaliwa nyuma ya Coleridge kwa miaka kama minne tu, na akawazika Keats, Shelley, Byron na Coleridge wote, bila kuwajua na bila wao kumjua.

Hao akina Byron, kwenye vitabu vyetu vya fasihi huitwa washairi wa ulimbwende. Neno hili lina shida yake mtaani. Mwambie mtu wa Kisauni kwamba unasomea ulimbwende, atadhani unajiandaa kwa mashindano ya urembo. Wengine husema "ushairi wa kimapenzi", na hapo mambo yanaharibika zaidi, maana Wordsworth aliandika kuhusu milima, ombaomba na watoto waliokufa kuliko alivyoandika kuhusu mahaba. Kiini cha kundi lile kilikuwa kwingine. Walitaka shairi litoke kwenye lugha ya kifahari ya wakubwa, liingie kwenye lugha ambayo mtu wa kawaida anaitumia akiwa na furaha au uchungu. Wordsworth na Coleridge walitoa kitabu chao cha pamoja, Lyrical Ballads, mwaka 1798, na toleo la 1800 Wordsworth akalitia utangulizi mrefu wa kuitetea kazi hiyo.

Muyaka hakuandika utangulizi wowote. Alifanya tu. Kabla yake, ushairi mkubwa wa pwani ulioandikwa na kutunzwa ulikuwa zaidi wa tenzi za dini na wa watu wa kaskazini, Pate na Lamu. Yeye akachukua shairi la mishororo minne akalitia Kimvita cha mjini, akazungumzia madeni, wivu, njaa, vita vya Wamazrui, mbwembwe za maadui, wanawake, na utani wa kuchapana kwa mafumbo. Mtu akimtungia shairi naye anajibu. Vijana wa leo wanaorushiana mistari ya rapu wanaijua shughuli hii vizuri kuliko profesa yeyote.

Kwa hiyo swali langu ni la kihistoria na pia ni la hela. Washairi wa rika moja, kazi inayofanana, na miaka mia mbili baadaye upande mmoja una mifuko ya ufadhili, tuzo, nyumba za makumbusho na wasomi kwa mamia. Upande wa pili una nini? Na huo uchache ulionao, nani aliulipia?

Kabla ya wasomi, tuwaulize washairi wenyewe walikula nini. Coleridge, mwaka 1798, alikuwa karibu akubali kazi ya uhubiri kwa sababu ya shida, ndipo ndugu wawili wa ukoo wa Wedgwood walipoahidi kumpa pauni 150 kila mwaka, maisha yake yote, ili atunge na kufikiri. Wedgwood walikuwa watengenezaji wa vyombo vya udongo: sahani, vikombe, mabuli ya chai. Mwaka 1812 ndugu mmoja akaondoa nusu yake. Wordsworth alipewa kazi ya serikali mwaka 1813, kusimamia stempu za ushuru huko Westmorland. Byron alirithi. Keats alisomea udaktari wa dawa, akauacha, akafa na miaka 25 mjini Roma. Muyaka alikuwa mfanyabiashara na rafiki wa watawala wa Kimazrui. Mpaka hapo, Mombasa na Uingereza hazijaachana mbali. Kila mshairi ana mtu wa kumshika mkono, au hana.

Njia zinaachana baada ya kifo.

Nyumba ya Roma alimofia Keats ilinunuliwa na wapenzi wa ushairi wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya ishirini, ikafunguliwa 1909 kama makumbusho na maktaba. Nyumba ya Wordsworth kijijini Grasmere ilishanunuliwa mapema zaidi, 1890, na wakfu ukaundwa kuitunza. Marekani nako, tajiri mmoja wa Wall Street, Carl Pforzheimer, aliyejulikana hasa kwa biashara ya hisa za mafuta za Standard Oil, alikusanya barua, miswada na vitabu vya Shelley na watu wake. Mwaka 1986 mkusanyiko huo ulikabidhiwa maktaba ya umma ya New York. Chama cha Keats na Shelley cha Marekani, kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, hutoa fedha za utafiti zenye jina la Pforzheimer. Uingereza, jumuiya ya wasomi wa ulimbwende ina fedha za utafiti zilizopewa jina la msomi Stephen Copley, kwa wanafunzi wa shahada za juu na wasomi wanaoanza.

Ukizisoma fedha hizi kwa makini utashangaa udogo wake. Nyingi si hela za kununua kiwanja. Ni tiketi ya treni, malazi ya siku chache, ada ya kupigiwa picha hati ambazo maktaba haiazimi. Ila zinatolewa kila mwaka bila kukosa, na ndiyo siri yenyewe. Kijana wa Leeds au Ohio akiamua kusomea barua za Shelley, anajua kuna mlango wa kubisha. Hata asipopewa, mlango upo, na mwaka ujao utakuwepo.

Mafuta, kwa njia, na sisi tulikuwa nayo. Changamwe ilisafisha mafuta ghafi kuanzia 1963 hadi 2013. Miaka hamsini. Moshi wake watu wa Chaani na Mikindani waliuvuta bure.

Sasa rudi kwa Muyaka. Alipofariki 1840 hakuacha kitabu. Mashairi yalibaki vichwani mwa watu na kwenye karatasi za hapa na pale. Mzazi humsimulia mwana, mwana humsimulia mjukuu, na kila mkono ukipokea kunadondoka ubeti. Wamazrui wenyewe walikuwa wameshaangushwa 1837, kwa hiyo hata ile jamii iliyokuwa na sababu ya kisiasa ya kuyakumbuka mashairi yake ilikuwa imetawanywa.

Aliyezuia yasipotee alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi na mwanachuoni wa Mombasa, aliyefariki 1890. Sikujua aliyajua mashairi ya Muyaka na aliyajua mazingira yake: nani alimwambia nani, kwa nini, na lile neno la fumbo lilimlenga nani. Hiyo ndiyo elimu adimu. Shairi la Muyaka bila kisa chake ni kama kusikia upande mmoja wa simu ya mtu kwenye matatu.

Upande wa pili wa meza alikaa William Taylor, mmisionari aliyefika pwani mwaka 1880. Alitumwa na shirika la CMS, ambalo mwaka 1875 lilikuwa limeanzisha makazi ya watumwa walioachiwa huru ng'ambo ya kisiwa, Kisauni, likayaita Freretown. Kengele yao bado ipo, na pale ilipo ndipo panapoitwa Kengeleni mpaka leo. Shirika lilimlipa Taylor ahubiri Injili. Lakini Taylor alikuwa na sikio, na alipendezwa na lugha hii kupita kiasi. Mwaka 1891 alichapisha London mkusanyiko mkubwa wa methali za Waswahili. Na muda huo wote alikuwa akiandika Muyaka, kwa msaada wa Sikujua: beti, maana za maneno, visa.

Kwa hiyo ufadhili wa kwanza wa usomi wa Muyaka ulikuwa mshahara wa misheni. Hakuna aliyekaa kwenye kamati akasema, "Tutoe pesa kwa ajili ya mshairi mkubwa wa Mvita." Waumini wa Uingereza walitia sarafu kwenye sahani ya sadaka ili Waafrika waokolewe, na sehemu ya sarafu hizo, kwa kujipenyeza, ikaenda kuhifadhi mashairi ya Mwislamu mmoja aliyefariki miaka arobaini kabla, mwenye ulimi mkali na mahaba mengi. Nikiwaza hivyo huwa nacheka peke yangu. Halafu kicheko kinaisha nikikumbuka kwamba kwenye mpango mzima huo mwenye mshahara ni mmoja, na si yule aliyekuwa na mashairi kichwani.

Na angalia jinsi muda ulivyokuwa mchache. Kutoka kifo cha Muyaka hadi kifo cha Sikujua ni miaka hamsini. Kama Taylor angefika 1895 badala ya 1880, tungekuwa na jina la Muyaka na labda beti kumi za kuokota.

Taylor alikufa 1927. Hati zake zikafika London, kwenye chuo cha SOAS, ambako ziko hadi leo. William Hichens, aliyewahi kuwa ofisa wa kikoloni Afrika Mashariki, akazifanyia kazi, na mwaka 1940 diwani ya Muyaka ikatoka kama kitabu. Ilichapishwa wapi? Johannesburg. Chuo kikuu cha Witwatersrand kilikuwa na mfululizo wa vitabu vya lugha za Kiafrika, ulioanza 1935 na mashairi ya Kizulu ya Vilakazi, na Muyaka akaingizwa humo. Mshairi wa Mombasa, aliyehifadhiwa na hela ya kanisa la Uingereza, akahaririwa na mtu wa London, akachapwa Afrika Kusini, miaka mia kamili baada ya kuzikwa. Kwenye jalada mhariri ni Hichens.

Kati ya Taylor na Hichens kuna mwanamke ambaye kisa chake kinaonyesha ufadhili wa kweli unafanyaje kazi. Alice Werner aliandika mashairi yake mwenyewe kwa Kiingereza kabla ya kugeukia lugha za Afrika. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 52, alipata fedha za safari za Mary Ewart kutoka chuo cha Newnham, Cambridge, akaja Afrika Mashariki mpaka 1913. Miaka miwili ya kuzunguka pwani, kusikiliza, kukusanya. Alirudi akawa profesa wa Kiswahili SOAS, na 1934 yeye na Hichens walitoa utenzi wa Mwana Kupona pamoja na tafsiri. Yaani tuzo moja ya safari, iliyotolewa na chuo cha wanawake, ikazaa kazi ya miaka ishirini na zaidi. Ndio maana nasema fedha ndogo si ndogo.

Lakini kila Werner alihitaji Mswahili. Kule Lamu alikuwepo Muhamadi Kijumwa, mchongaji, mwanamuziki, mwandishi mwenye hati nzuri kuliko zote za zama zake. Hichens, na baadaye Mjerumani Ernst Dammann aliyekuja Lamu miaka ya 1930, walimtegemea awanakilie tenzi kwa malipo. Dammann alirudi akachapisha kitabu kikubwa Hamburg mwaka 1940. Kijumwa alifariki 1945. Mmoja alilipwa kwa kila kazi aliyoimaliza, kama fundi wa milango. Mwingine alilipwa kwa kuwa msomi. Tofauti hiyo ndiyo historia yote ya usomi wa ushairi wa Kiswahili kwa kipindi kirefu sana. Kwa karne nzima mwenye maarifa alipokea ujira, na mwenye kuyaandika kwa Kiingereza au Kijerumani akapokea cheo.

Uhuru ulipokuja tungetarajia mambo yageuke. Yaligeuka kidogo. Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa, alihariri Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, iliyochapishwa na Oxford Nairobi mwaka 1971, akaifafanulia Kimvita chake kwa wasomaji wa bara. Chiraghdin alifariki 1976, bado kijana. Historia ya Kiswahili, aliyoandika na Mathias Mnyampala, ilitoka mwaka uliofuata. Malenga wa Karne Moja ikatoka 1987, miaka kumi na moja baada ya mwenyewe kuondoka. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz, profesa wa isimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa kitabu chake kuhusu Muyaka kupitia shirika la uchapishaji la serikali ya Kenya. Hatimaye Muyaka alikuwa na msomi Mswahili, mwenye cheo na mshahara wa chuo, kwenye nchi yake. Miaka 139 baada ya kifo.

Na tuzo? Hapo kuna kisa ambacho kila mwandishi kijana wa pwani anapaswa kukijua. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, mdogo wake Ahmad Nassir, alifungwa miaka mitatu mwaka 1969 kwa kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Alikuwa na miaka 22. Gerezani akatunga kwa siri mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973. Mwaka 1974 kitabu kikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Rais aliyekuwa madarakani alipofungwa ni huyohuyo ambaye jina lake liko kwenye tuzo. Mwenyewe kwa wakati huo alikuwa Dar es Salaam, akifanya utafiti kwenye Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya chuo kikuu. Kenya ilimpa seli kwanza na tuzo baadaye. Mshahara wa kufanya kazi ya Kiswahili kila siku ulitoka Tanzania.

Kisa hiki kinanifanya nitenganishe mambo mawili ambayo tunayachanganya. Tuzo hutazama nyuma, inamkuta mtu ameshamaliza kazi, kwa jasho lake, wakati mwingine kwa kifungo chake, halafu inampigia makofi. Ufadhili hutangulia. Unamwambia mtu asiyejulikana, "Shika hii nauli, nenda ukaangalie, urudi utuambie." Nchi inaweza kuwa na tuzo nzuri na isiwe na ufadhili hata kidogo, na watu wake wakadhani mambo yako sawa kwa sababu kila mwaka kuna picha ya mtu ameshika hundi kubwa ya karatasi.

Tuzo tunazo, na zimezidi kuwa nzuri. Mwaka 2014 ilitangazwa tuzo ya Mabati na Cornell ya fasihi ya Kiswahili, jumla ya dola 15,000, ikiwa imeasisiwa na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi. Fedha zilitoka kwa watengenezaji wa mabati wa Kenya na wenzao wa Tanzania, pamoja na chuo cha Cornell cha Marekani. Abdilatif Abdalla akawa mwenyekiti wa bodi yake. Kiwanda cha mabati chenyewe kimojawapo kiko Mariakani, juu kidogo ya barabara ukishapita Changamwe na Mazeras. Coleridge alikula sahani, sisi tunakula mabati. Sioni aibu yoyote hapo. Paa na sahani ni vitu vya heshima, na mshindi wa kwanza upande wa ushairi, mwaka 2015, alikuwa Mohammed Khelef Ghassany, kwa diwani yake N'na Kwetu. Ghassany, kama Muyaka al-Ghassaniy. Nisba tu hiyo, sisemi ni ukoo, lakini Muyaka mwenyewe asingeiacha ipite bila kuitungia mzaha.

Ila tuzo hiyo ni ya watunzi, na ya tungo mpya. Anayetaka kukaa miaka miwili na hati za Muyaka, azilinganishe, azisahihishe, atoe diwani safi ambayo mtoto wa Likoni anaweza kuinunua kwa bei ya chipsi na kuku, huyo bado anatafuta mlango wa kubisha. Basari ya kaunti ni ya karo. Mkopo wa HELB ni wa karo pia, na unarudishwa. Hakuna aliyekosea hapo, karo ni muhimu. Lakini karo inakufikisha mpaka kwenye shahada, na Muyaka yuko mbele ya shahada, kwenye sanduku London.

Na hapa ndipo ninapoona uzembe wa kihesabu kabisa. Hati hizi nyingi ni za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kuzisoma ni kazi. Herufi za Kiarabu zina alama tatu tu za irabu fupi, na Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo kasra moja inasimama badala ya i na e, na dhuma moja badala ya u na o. Waandishi wa zamani walitumia herufi ba kwa b, kwa p na kwa mb. Sauti ya n kabla ya d mara nyingi haikuandikwa. Matokeo yake, neno moja lililoandikwa vilevile linaweza kuwa bata, pata au mbata. Neno jingine linaweza kuwa pinda au penda, na jaribu wewe kuhariri shairi la mahaba bila kujua kama mshairi amependa au amepinda. Kamusi haikusaidii. Kinachosaidia ni vina, mizani, na sikio lililokulia ndani ya lugha.

Mwanafunzi wa Ulaya anayetaka kuifanya kazi hii anafadhiliwa miaka ajifunze Kiswahili, kisha ajifunze herufi za Kiarabu, kisha azoee Kimvita. Wanafanya hivyo na wengine wanafanya vizuri sana, heshima yao ibaki palepale. Lakini pita Kisauni, Mtongwe au Magongo saa kumi alasiri uone watoto wanatoka madrasa na majuzuu mikononi. Wengi wa watoto hao wakifika miaka kumi herufi wanazo. Lugha wanayo. Wengine wana bibi nyumbani anayesema Kimvita kilekile ambacho profesa atalipa kukisikia. Wamekamilisha nusu ya mafunzo ya mhariri wa Muyaka kabla hawajamaliza shule ya msingi, na hakuna aliyewaambia kwamba hayo ni mafunzo. Shilingi ukiiweka hapo inafanya kazi mara nyingi zaidi kuliko ukiiweka popote pengine duniani.

Si ndoto pia, kwa sababu tumeona mtu wa namna hiyo. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa 1927 visiwani Lamu akaishi Mombasa na kufariki 2017, hakupitia chuo kikuu. Alilelewa katika ushairi na akawa maktaba inayotembea. Maprofesa wa Kenya, Ujerumani, Uholanzi na kwingineko walipita kwake kuuliza. Utenzi wake kuhusu ujenzi wa majahazi, Sambo ya Kiwandeo, ulitolewa Leiden mwaka 1979 na Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg, na safari hii jina la mwenye maarifa lilikuwa mahali pake, kama mtunzi. Hayo ni maendeleo ukimlinganisha na Sikujua. Lakini Leiden tena. Kila mara meli inaondoka.

Zimeanza pia kuja fedha zinazoelekea huku. Maktaba ya Uingereza ina programu ya kunusuru kumbukumbu zilizo hatarini, na kwa fedha zake hati za msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha palepale Lamu, bila kuhamishwa. Wazo hilo ni zuri kuliko jengo lolote. Hati inabaki na wenyewe, picha ndiyo inasafiri. Kisiwani na huku bara yake kuna masanduku kwenye nyumba za watu, kuna vitabu vya babu vilivyofungwa kwa kitambaa juu ya kabati, na mchwa hawasubiri tangazo la ufadhili. Kinachohitajika ni kamera nzuri, kijana wawili watatu wanaolipwa kila mwisho wa mwezi, mzee anayelipwa naye kama mtaalamu badala ya kupewa soda na asante, na mtu wa kuyafanya hayo mwaka huu, na mwaka ujao, na ule unaofuata.

Kwa wasioweza kusubiri, baadhi ya hati za Kiswahili za SOAS sasa zimewekwa kwenye intaneti, na zinafunguka hata kwenye simu ukiwa umesimama kwenye foleni ya feri Likoni. Kuza picha mpaka wino uonekane. Hiyo yenye nukta moja chini ni ba, na hicho kijistari chini yake ni kasra. Sasa amua mwenyewe: ni bi, be, pi, pe, mbi, au mbe?